Homa Isiyo na Mbu

Homa ikimshika mtu kijijini Kalinzi, jina la homa hiyo huwa limeshatajwa kabla hajashuka kitandani. Malaria, atasema mama. Malaria, atasema jirani aliyepita kuazima jembe. Mara nyingi watakuwa wamesema kweli. Upimaji wa nchi nzima wa mwaka 2017 ulikuta kwamba hapa mkoani Kigoma karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea vya malaria, na hakuna mkoa uliotupita. Kwa hiyo, wajukuu zangu, simlaumu anayewaza malaria kwanza. Hata mimi nikipatwa na baridi ya ghafla jioni naulizia kipimo. Leo lakini nataka kuwasimulia homa nyingine, ambayo mbu hahusiki nayo, wala maji ya kisima, wala jicho la mtu.

Binti wa simulizi hii nimemtunga, ndiyo maana simpi jina. Mtu wa kweli mwenye ugonjwa huu ana shule, ana majirani, na ana haki ya kusimulia mwenyewe. Ila yote yatakayompata binti huyu huwapata watu wa kweli, hapa Tanzania na kwingineko. Mpeni miaka kumi na sita na sare ya kidato cha tatu. Kwao ni Kalinzi, juu milimani, nyuma ya vilima vinavyoitenga na msitu wa Gombe na ziwa. Migomba iko mbele ya nyumba, kahawa nyuma yake, na maharage yamejaza kila nafasi iliyobaki. Likizo zake ni za kuchuma kahawa mbivu, kuimenya, kuiosha na kuitandaza kwenye vichanja juani.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Asubuhi moja alishindwa kufunga vifungo vya shati la shule. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kidogo na kukakamaa. Ilipofika saa nne vikalegea, akaandika vizuri tu. Hapo ndipo taabu ilipoingia, maana mwalimu aliyemwona saa moja akishindwa kushika ufagio alimwona tena saa tano akicheka na wenzake, akaamua kwamba ni uvivu wa asubuhi. Baada ya viungo ukaja uchovu. Uchovu wa shamba tunaujua: unalala nao, unaamka umekwisha. Binti huyu aliamka amechoka kuliko alivyolala. Zikafuata homa za jioni, za kupanda na kushuka. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Juu ya kaakaa, ndani ya mdomo, kukatokea vidonda ambavyo havikuuma, hata mwenyewe hakujua kwamba vipo.

Zahanati walimpima malaria, kama ilivyopasa. Kipimo cha haraka mmekiona: kijikasha cheupe cha plastiki, chembamba, kinachoenea kiganjani. Mhudumu huchoma ncha ya kidole, huchukua tone la damu na kulidondosha kwenye kitobo, huongeza matone ya dawa ya maji, kisha anasubiri. Baada ya robo saa hivi anatazama dirisha lake. Mstari mmoja mbele ya herufi C maana yake kipimo kimefanya kazi na malaria haikuonekana. Mistari miwili ni malaria. Binti yetu alitoa mistari miwili, akapewa dawa ya mseto, akameza siku tatu zote kama alivyoelekezwa. Wiki mbili baadaye homa ilikuwa palepale, na mistari ilikuwa miwili tena.

Ngojeni hapa kidogo, kwa sababu wengi hupotelea hapa. Kipimo kile hakimwoni kimelea mwenyewe. Kinakamata protini ambayo kimelea anaitoa, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wote kufa. Tena katika mkoa kama wetu mtu mzima anaweza kutembea na vimelea wachache bila kuugua. Hivyo mistari miwili inaweza kuwa kweli tupu, na bado homa ya leo ikawa inatoka kwingine kabisa. Mhudumu hakukosea. Kipimo nacho hakikudanganya. Kiliulizwa swali moja tu, kikajibu hilohilo.

Baada ya malaria likaja jina la taifodi, na baada ya taifodi likaja la UTI, kwa utaratibu ule tunaoujua sote. Sindano, vidonge, sindano. Mara anapata nafuu ya siku chache na nyumba nzima inashukuru, mara vidole vinavimba upya. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo: huja na kuondoka wenyewe, na dawa yoyote iliyotumika wakati unaondoka ndiyo inayopewa sifa. Mama yake aliuza mbuzi. Shangazi alisema amerogwa na wenye wivu. Wenzake darasani walisema anadeka. Mashavu yake yalipoanza kuwa meusi, muuza duka mmoja alisema kwa sauti mbele ya wateja kwamba ndiyo matunda ya mkorogo. Katika yote aliyoyapata, nadhani hili la kutosadikiwa ndilo lililomchosha zaidi. Mguu uliovunjika kila mtu anauona. Maumivu yanayohama leo goti, kesho kiwiko, kesho kutwa kifua anapovuta pumzi, ni nani atakayeyashika mkononi ayaonyeshe?

Sasa niwaeleze kilichokuwa kikitokea ndani yake.

Damu yetu ina askari. Wapo wanaomeza wadudu, wapo wanaotengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa kitu kigeni na kukiwekea alama ili kishambuliwe. Wafikirieni kama sungusungu wa kijiji. Kazi ya kwanza ya sungusungu ni kumtambua mtu: huyu ni mwenyeji, huyu simjui; rungu linakuja baadaye. Mwili unawafundisha askari wake utambuzi huo tangu mtoto angali tumboni, katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua na ndani ya uboho wa mifupa, na wale wanaoonyesha dalili ya kuwageukia wenyeji wengi wao huondolewa mapema. Katika mwili wa binti yetu baadhi walipita bila kuondolewa, kisha kitu fulani kikawaamsha. Wakaanza kugonga milango ya wenyeji. Walichokuwa wakikisaka ni kiini cha seli, pale panapotunzwa urithi wetu wote, na kiini kimo karibu katika kila seli ya mwili. Ndiyo maana hapakuwa na mahali pamoja pa kuonyesha daktari. Seli iliyopigwa hupasuka na kumwaga vilivyomo, askari wengine wakaviona vimezagaa wakadhani uvamizi umezidi, wakaitana.

Kwa nini wawaamkie hawa na si wale? Sababu hazijakamilika kujulikana, ila baadhi zimeshikika. Urithi wa wazazi una sehemu yake. Jua lina sehemu yake, maana miale yake huvunja seli za ngozi na kumwaga viini vyake. Homoni zina sehemu yake pia: kati ya watu wazima kumi wenye ugonjwa huu, tisa ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 44. Uchawi haumo. Uvivu haumo. Wala hauambukizi, unaweza kulala naye kitanda kimoja na kunywa naye kikombe kimoja.

Msidhani ni Kalinzi peke yake waliokataa kuamini. Wataalamu wakubwa wa dunia walikataa kwa miaka mingi. Mjerumani Paul Ehrlich, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, alikuwa ameshafundisha kwamba mwili una uoga wa kujidhuru, kwa hiyo hautakubali kutumia silaha zake dhidi yake wenyewe. Waliomfuata wakalichukua neno hilo kama sheria. Miaka ya 1950, mjini Buffalo nchini Marekani, kijana Noel Rose alikuwa akifanya kazi chini ya Ernest Witebsky, ambaye mwalimu wake alikuwa mfuasi wa Ehrlich. Rose alimkata sungura sehemu ya tezi ya shingoni, akaisaga, akamdunga sungura yuleyule tezi yake mwenyewe pamoja na kichocheo cha kinga. Kwa sheria ile pasingetokea kitu. Sungura akatengeneza kingamwili dhidi ya tezi yake, na kipande kilichobaki shingoni kikaharibika. Witebsky hakukubali upesi. Majaribio yalirudiwa na kurudiwa kabla ya kazi hiyo kutolewa mwaka 1956. Mimi humpenda mzee huyo kwa jambo moja: alipoona ushahidi umesimama, aliuweka mbele ya mafundisho aliyolelewa nayo.

Ushahidi mwingine ulikuwa umeshaonekana, tena kwa macho. Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo huko Minnesota, daktari Malcolm Hargraves na wenzake walikuwa wakitazama uboho wa wagonjwa kwenye hadubini. Waliona seli nyeupe ya damu iliyonenepa isivyo kawaida. Ndani yake mlikuwa na donge la mviringo, laini, la rangi ya zambarau ya dawa ya kutilia rangi, na kiini cha seli yenyewe kimesukumwa ukingoni. Donge lile lilikuwa kiini cha seli nyingine. Askari amemmeza mwenyeji, na bado yumo kooni. Seli hizo ziliwapa madaktari kitu cha kwanza cha kushika. Mwaka 1957 George Friou akaonyesha njia ya kuziona kingamwili zinazosaka viini kwa kuzifanya zing'ae kijani, na mpaka leo kipimo cha damu kinachoanza safari ya kuutambua ugonjwa huu kinatokana na kazi ya aina hiyo. Wanakiita ANA.

Ugonjwa wenyewe unaitwa lupus. Mwimbaji Selena Gomez anao, alisema hadharani mwaka 2015, na mwaka 2017 akabadilishiwa figo kwa sababu yake. Makovu ya usoni mwa mwimbaji Seal yametokana na aina yake inayokaa kwenye ngozi. Wapo pia walimu, wakulima na mama lishe wa Afrika Mashariki wanaoishi nao, ambao hakuna gazeti litakalowaandika.

Binti yetu alipataje jina hilo? Kwa bahati ya kukutana na daktari mwenye subira, katika hospitali mojawapo mjini. Waliteremka asubuhi na mapema kwa barabara ya Mwandiga, yeye na mama yake, na madaftari matatu ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mama," daktari alisema, maana alikuwa kijana.

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mtoto wangu. Malaria yake haisikii dawa."

Daktari aliyasoma madaftari yote matatu, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo lilichukua muda na kuwafanya waliokuwa foleni wagune. Kisha akamsogeza binti karibu na dirisha. Vitabu vya udaktari vingi vimechorwa kwa ngozi nyeupe, na humo alama ya lupus mashavuni ni wekundu unaovuka daraja la pua. Kwenye ngozi kama ya kwetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unakuta weusi uliokolea, au kahawia, au zambarau iliyofifia, na asiyeutafuta ataupita. Daktari huyu aliutafuta. Alitazama mikunjo miwili ile inayoshuka kutoka puani kwenda pembeni mwa mdomo. Ilikuwa safi, haina alama, huku mashavu yote mawili yamekolea. Lupus ina tabia ya kuiruka mikunjo hiyo, na jua au krimu haziruki. Akamwambia apanue mdomo, akaviona vidonda vya kaakaa. Akabonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, akahesabu mpaka kumi, akaachia: shimo likabaki.

"Mkojo wako unafanya povu?" aliuliza.

Binti alimtazama mama yake kwanza. "Ndiyo. Kama wa sabuni."

Alitumwa maabara na kikopo. Kijiti cha kupimia mkojo kina miraba midogo ya rangi, na mraba wa protini uligeuka kutoka manjano kuwa kijani. Protini ni mali ya damu. Figo zikiwa nzima haziiachii itoke. Karibu nusu ya wenye lupus figo zao huguswa, na figo haziumi wakati zinaharibika. Ningependa kila mmoja wenu ayajue mambo haya mawili, povu lisilokwisha kwenye mkojo na shimo linalobaki mguuni, kwa sababu hayahitaji mashine wala fedha nyingi, na yakionekana mapema figo inaweza kuokolewa.

Hata hapo hakumwambia kwamba ni lupus. Alimwambia anaishuku. Kipimo cha ANA hakipo zahanati wala kituo cha afya, na hata kikipatikana hakimalizi shauri, maana mtu mzima wa afya anaweza kukitoa chanya, na mwenye malaria pia. Wataalamu hujumlisha: homa isiyo na maambukizo ina uzito wake, viungo vina uzito wake, mkojo, ngozi, chembe za damu zilizopungua, kingamwili za aina fulani. Hesabu ikifika kiwango, ndipo jina linatajwa. Kwa hiyo binti na mama yake walilazimika kusafiri mpaka hospitali kubwa. Kwa mtu wa Kigoma hiyo ni Bugando ya Mwanza au Muhimbili ya Dar es Salaam, na reli ya kutoka Kigoma hadi Dar inazidi kilomita 1,200. Mbuzi wa pili aliuzwa, na huko ndiko jina lilikotajwa. Ukiona mtu anachelewa kujua ugonjwa wake, kabla hujasema alizembea, jiulize barabara yake ina urefu gani.

Nimesema mbu hahusiki. Ni kweli, mbu hasababishi lupus. Ila kati ya malaria na lupus kuna ujamaa wa zamani, na hii ndiyo sehemu ya simulizi ninayoipenda kuliko zote.

Miaka ya 1960 daktari kijana kutoka Uingereza, Brian Greenwood, alifanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Ibadan, Nigeria. Alishangaa kuona magonjwa ya kinga kujishambulia ni machache mno pale. Akafungua majalada ya mwaka 1957 hadi 1966, ya wagonjwa karibu laki moja waliolazwa, akakuta waliokuwa na magonjwa ya aina hiyo wanazidi mia moja kidogo tu. Mwaka 1968 akaandika wazo lake: huenda malaria na vimelea wengine, kwa kuishughulisha kinga tangu utotoni, wanaizuia isiwageukie wenyeji. Yeye na wenzake wakachukua panya wa maabara wa ukoo unaougua ugonjwa unaofanana na lupus, wakawaambukiza malaria ya panya, na ugonjwa ule ukazuiwa usiwapate kama kawaida. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1970. Huko Marekani nako, wanawake weusi, ambao mababu zao walichukuliwa kutoka bara hili, hupata lupus mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake weupe. Damu ileile, malaria haipo.

Mwaka 2010 fundo jingine likafunguliwa karibu nasi zaidi. Watafiti wa Cambridge walishirikiana na wenzao wa Kilifi, pwani ya Kenya, wakachunguza badiliko dogo katika jeni iitwayo FCGR2B. Jeni hiyo hutengeneza protini inayowatuliza askari wasizidishe. Aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, askari wake hawatulii kirahisi. Watoto wa Kenya wenye badiliko hilo walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali, na watu wa kwingineko wenye badiliko lilelile walikuwa na hatari zaidi ya lupus. Ina maana kwamba ukali wa askari uliowaokoa watoto wengi wasife kwa malaria, kizazi baada ya kizazi, ndio huohuo ambao mara mojamoja unamgeukia mjukuu wao. Nikifikiria hilo simwoni binti yetu kama mwenye damu mbaya. Namwona amerithi silaha ya wazee wake, kali mno.

Wapo waliolijibu wazo la Greenwood kwa swali jingine: lupus ni adimu Afrika, au haitafutwi? Mimi nadhani yote mawili yana ukweli, na la pili lina ukweli mwingi kuliko tulivyozoea kukubali, kwa sababu kila mahali barani palipofunguliwa kliniki ya magonjwa haya, wagonjwa wamejitokeza. Walikuwepo. Walikuwa wakiitwa malaria sugu.

Na dawa yake? Hapa ujamaa unarudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi waliopelekwa nchi zenye mbu walimezeshwa mepakrini kila siku kuzuia malaria, dawa iliyowageuza ngozi kuwa ya manjano. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika waliopigana Burma walikuwemo. Baadaye daktari Francis Page wa Uingereza akawapa dawa hiyo wagonjwa wa lupus ya ngozi, akatangaza mwaka 1951 kwamba wanapona vidonda. Ikafuata klorokwini, ambayo wazazi wenu wanaikumbuka kwa jinsi ilivyowasha mwili mzima, na ambayo Tanzania iliiondoa kwenye matibabu ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa kuwa vimelea waliizoea. Ndugu yake mpole zaidi, haidroksiklorokwini, imetumika tangu miaka ya 1950, na hadi leo ndiyo dawa ya msingi ya lupus. Inawatuliza askari bila kuwanyang'anya silaha zote. Mwaka 2020, uvumi ulipoenea kwamba inatibu korona, watu wakaikimbilia, na wenye lupus katika nchi nyingi wakaikosa madukani.

Ugonjwa ukiwa mkali huongezwa prednisoloni, dawa ya ukoo wa kotisoni. Kotisoni ilianza kutumika kwa mgonjwa wa viungo mwaka huohuo wa 1948, katika hospitali ileile ya Mayo: mwanamke aliyekuwa amekakamaa alidungwa, na baada ya siku chache akatembea. Ni dawa yenye nguvu na yenye bei yake mwilini. Binti yetu alikuwa na njaa usiku kucha, uso ukamviringa, na wenzake wakamwambia amenenepa, maisha yamekuwa mazuri. Alitamani kuiacha. Daktari alikuwa amemwonya mbele ya mama yake: usiikatishe ghafla hata siku moja, maana mwili ukishaizoea huacha kutengeneza ya kwake, na kuiacha ghafla kunaweza kuua. Inapunguzwa kidogokidogo, kwa mpango.

Miaka ya 1950 karibu nusu ya waliotambuliwa kuwa na lupus hawakumaliza miaka mitano. Leo, palipo na dawa na ufuatiliaji, zaidi ya tisa kati ya kumi wanaivuka.

Maisha ya nyumbani yalibidi yapangwe upya. Kahawa bado anachuma, ila alfajiri, katika safu zilizo chini ya migomba, kwa mikono mirefu na kofia pana. Vichanjani haendi tena; kaka yake amechukua kazi ya kutandaza na kugeuza, yeye anachambua punje mbovu ndani. Shuleni mama alipeleka barua ya daktari, binti akasamehewa mchakamchaka na kusimama gwaride juani, na dawati likahamishwa kutoka dirishani. Mwalimu yule wa ufagio aliisoma barua mara mbili. Akauliza asubuhi ngapi kwa wiki vidole vinakakamaa, akampangia zamu za jioni.

Chandarua hakitoki kitandani. Dawa zinazowatuliza askari, hasa prednisoloni, zinawafanya pia wawe wazito mbele ya adui wa kweli, kwa hiyo malaria au kifua kikuu kikimpata kitampata vibaya. Kila homa inapimwa upya, malaria ikiwemo. Ana daftari analoandika mwenyewe: tarehe, joto, kiungo kilichovimba, mkojo, kipimo kilisema nini, alimeza nini. Dawa za mitishamba za bibi yake nazo zimo, kwa majina ya Kiha, kwa kuwa daktari aliomba ajue kila kinachoingia tumboni. Baadhi ya mizizi hulemea figo, na kuficha ndiko kunakomdhuru mgonjwa kuliko kusema.

Bibi mwenyewe alifika kliniki safari iliyofuata, kavaa kitenge chake cha kanisani, akangoja mpaka maswali ya wengine yameisha.

"Daktari, niambie ukweli. Huyu ataolewa? Atazaa?"

"Akipenda kuolewa ataolewa, bibi. Na kuzaa anaweza. Ila aje kwanza tupange. Ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita, tubadilishe dawa zinazomdhuru mtoto, na hii ya msingi aendelee nayo hata akiwa mjamzito."

"Na huyo mtoto, naye ataupata?"

"Hatari yake inazidi kidogo ya watu wengine. Lakini watoto wengi wa akina mama hawa hawaupati."

Bibi alitikisa kichwa, akamgeukia mjukuu. "Umesikia? Kwanza mtihani wa kidato cha nne." Halafu kwa daktari: "Basi tuandikie hizo dawa za miezi miwili, mwanangu, gari la Kalinzi linaondoka saa tisa."